CHUMVI, MAJI NA MARADHI YA PRESHA

Hotuba iliyosomwa na mmoja wa masheikh wa Buyenzi, Bujumbura, mbele ya wanachama siku ya ukumbusho wa Jumuiya, na kuchapishwa hapa kwa ombi la Kamati



 Desturi ya siku kama hii ni kukumbuka waliotutangulia: nani alitoa kiwanja, nani alibeba matofali ya madrasa, nani aliwafundisha watoto bila ya ujira. Wenzangu wameyaeleza hayo, nao wameyaeleza vizuri. Mimi nimeomba ruhusa niseme juu ya jambo lililowapunguza wazee hao mmoja baada ya mmoja, na ambalo lingali linatupunguza sisi.

Isomeni orodha ya marehemu wetu, kisha waulizeni watu wa nyumbani kwao. Huyu, mtaambiwa, alianguka ghafla akitoka msikitini. Yule alilala mzima akaamka amepooza upande mmoja na ulimi umekuwa mzito. Mwingine mafigo yalichoka. Mwingine moyo ulijaa, akawa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Ajali zote ni kwa kadari ya Mola, wala hakuna nafsi inayozidisha siku zake. Lakini kadari haikumzuia mwenye akili kufunga mlango wa nyumba yake usiku. Basi nataka tuutazame mlango mmoja ambao tumeuacha wazi. Mlango huo uko jikoni.

Nilipotaja shabaha ya maneno yangu, baadhi ya rafiki zangu walicheka wakaniuliza, "Sheikh na chumvi, wapi na wapi?" Niliwajibu kwamba sisi ndio tunaoitwa kuosha maiti na kusoma talakini, si vibaya basi tukisema neno kabla hatujafika huko. Nami si tabibu. Niyasemayo nimeyapata kwa matabibu, na vijana wetu waliosomea kazi hiyo wamenisaidia kuyasoma na kuyapima. Lililo langu ni kuyaleta kwenu kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza tujue presha ni kitu gani. Moyo ni bomba linalosukuma damu katika mishipa. Damu inapopita hubana kuta za mishipa, na nguvu ya kubana huko ndiyo ipimwayo mkononi kwa kile kitambaa kinachojazwa hewa. Hutajwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikunja kusukuma. Ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapotua kabla ya pigo jingine. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na maradhi haya ikiwa vipimo vya siku mbalimbali vinaonyesha 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini.

Maradhi haya hayana kelele. Homa humlaza mtu, jino humliza, lakini presha yaweza kukaa na mtu miaka kumi, naye akala, akacheka, akafanya biashara yake, huku mishipa ikikakamaa na moyo ukinenepa kwa kazi nzito. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima milioni 1,280 hivi, wa umri wa miaka 30 mpaka 79, walikuwa na maradhi haya, na karibu nusu yao hawakujijua. Tazameni safu tulizoketi hapa. Wamo humu wanaoyabeba bila ya habari.

Sasa chumvi na maji. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Ndani ya mwili wa mwanadamu, chumvi ndiyo mkondo. Kila iendako, maji huifuata. Na kila inapokaa, maji hukaa nayo. Mama zetu wanalijua jambo hili kwa macho yao: mkinyunyiza chumvi juu ya samaki mbichi au juu ya biringani zilizokatwa, baada ya muda mfupi mnaona maji yametoka na kukusanyika. Hakuna aliyeyamwaga hapo. Chumvi imeyavuta.

Mwili hautaki damu iwe na chumvi nyingi kupita kiasi chake, wala kidogo kupita kiasi chake. Tazameni maji ya dripu watiliwayo wagonjwa hospitalini: katika kila lita mna gramu 9 za chumvi, kwa kuwa ndicho kiasi kinachopatana na damu. Kwa hiyo mtu akibakiza mwilini gramu 9 za chumvi, hana budi kubakiza na lita moja ya maji, yaani uzito wa kilo moja. Sehemu ya maji hayo hukaa katika damu. Damu ikaongezeka ndani ya mishipa ile ile, nayo mishipa ikabanwa. Hapo ndipo namba hupanda.

Mola wetu ametuwekea mafigo ili yaitoe ziada hiyo. Kwa siku moja mafigo huchuja lita 180 hivi za maji ya damu, yakarudisha karibu yote na kutoa mkojo kidogo pamoja na chumvi isiyotakiwa. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini kwa watu wengi, hasa wenye umri mkubwa, wenye sukari, wenye mafigo dhaifu, na wale waliorithi maumbile hayo kwa wazazi, mafigo hayawezi kuitoa chumvi nyingi mpaka yasukumwe na damu yenye nguvu zaidi. Basi mwili huinua presha ili uifukuze chumvi. Mtu akila chumvi nyingi leo, na kesho, na mtondo, presha haipati nafasi ya kushuka. Ikikaa juu hivyo miaka mingi, mishipa hukauka ulaini wake, na tangu hapo hata ukipunguza chumvi, haishuki yote. Ndiyo maana shauri hili ni la vijana kama lilivyo la wazee.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa katika jambo la maji watu wetu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosa njia.

Kundi la kwanza husema: mimi nala chumvi, lakini kila asubuhi nanywa maji mengi nikaisafisha. Ndugu zangu, chumvi ya mwilini si tope la kwenye shati. Maji ukiyanywa bila ya kupunguza chumvi, mafigo yatayatoa maji na chumvi itabaki mpaka ipate wakati wake wa kutoka. Wala ndimu katika maji ya moto haiondoi presha. Aidha, kuna waliokunywa maji kupita kiasi kwa muda mfupi, chumvi ya damu ikazimuka, wakachanganyikiwa akili, na wengine wakapoteza maisha. Maji ni neema, na neema nayo ina kipimo.

Kundi la pili husema: kwa kuwa maji ndiyo yanayojaza mishipa, basi mwenye presha asinywe maji. Hawa wamemwona mgonjwa wa moyo au wa mafigo akikatazwa na daktari asizidishe kiasi fulani, wakadhani hukumu hiyo ni ya kila mtu. La, siyo. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka au mafigo yake yameshindwa, akavimba miguu na kukosa pumzi, huyo hupimiwa maji yake na daktari, na ni wajibu afuate. Lakini mwenye presha ambaye hana hayo anywe maji kama mtu mwingine, kwa kadiri ya kiu, jua na kazi. Mkojo ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, maji yanamtosha; ukiwa mzito kama chai ya rangi, aongeze. Na wazee wakumbushwe kunywa, kwani umri ukizidi kiu hupungua, na mtu aweza kukauka bila ya kujua. Kumnyima mzee maji katika joto la mji huu si dawa. Ni kumdhuru.

Basi neno langu lote la leo ni hili: ukitaka kupunguza maji yanayokaa mwilini bure, usiishike bilauri ya maji. Ushike mkono unaotia chumvi. Chumvi ikipungua, maji ya ziada yatatoka yenyewe, na kiu nayo itapungua. Ni nani asiyejua kwamba usiku wa kula samaki wa chumvi ni usiku wa kuamka mara tatu kutafuta mtungi?

Huenda mtu akasema, haya ni maneno tu. Presha ni mawazo na dhiki za dunia. Sikatai kwamba hofu na ghadhabu huupandisha moyo kwa saa chache. Lakini tazameni yaliyopimwa. Mwaka 1990 lilichapishwa jarida lenye matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa jirani zetu wa Kenya. Matabibu waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Muda mfupi baada ya kuhama, presha ya waliokwenda mjini ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mikojo yao ilipopimwa, ilionekana wanakula chumvi zaidi, na wanakula kidogo zaidi yale yapatikanayo katika matunda na mboga. Matabibu hao hawakusema kwamba chumvi ndiyo sababu peke yake. Uzito na mapigo ya moyo navyo vilizidi. Lakini waliona wazi kwamba mabadiliko hayahitaji miaka ishirini. Nasi wa Buyenzi tu watu wa namna gani? Wazee wetu walitoka Ujiji, Uvira, Rumonge na vijiji vya milimani, wakaja mjini. Tuliacha kiazi na ndizi ya shambani, tukashika mkate na kula vya njiani.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwaka 2001 yalitolewa matokeo ya watu 412 waliopikiwa chakula chao chote ili kiasi cha chumvi kijulikane. Walipewa viwango vitatu vya chumvi, kila kiwango kwa siku 30. Wale waliokula chakula cha kawaida cha nchi ile, walipotolewa katika gramu 8 hivi za chumvi kwa siku wakapelekwa katika gramu 4 hivi, namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa 6.7. Wengine walipewa chakula chenye matunda, mboga na maziwa kwa wingi, na kwao presha ilikuwa chini zaidi, na chini kabisa pale chumvi ilipokuwa kidogo. Dhiki zao za dunia hazikuondolewa. Kilichobadilishwa ni sahani.

Mtauliza, kwa nini basi ulimi wetu unaipenda hivi? Nadhani historia ya nchi zetu za bara inatueleza. Chumvi huku ilikuwa mali. Kule Uvinza, upande wa mashariki ya ziwa letu, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi hiyo ilibebwa mabegani mpaka Ujiji, ikavushwa ziwa kwa mitumbwi. Uganda nao walikuwa na ziwa lao la Katwe. Palipokuwa mbali na chemchemi, watu walichoma majani ya kinamasi, wakachuja majivu yake wapate ladha. Chumvi ilibadilishwa kwa mbuzi, kwa majembe, kwa nguo. Mgeni aliyetiliwa chumvi alijua ameheshimiwa. Leo chumvi ni kitu rahisi kuliko vyote dukani, lakini heshima ile ya zamani imebaki katika mkono wa mpishi. Tunamwonyesha mgeni mapenzi kwa kitu kilichokuwa ghali zama za mababu, nacho leo kinamdhuru.

Kiasi kinachofaa ni kipi? Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa chakula chote cha siku nzima. Na mtoto apate chini ya hapo kwa kadiri ya umri wake. Ripoti yao ya mwaka 2023 yaonyesha kwamba watu wazima duniani wanakula, kwa wastani, gramu 10.8. Ni zaidi ya maradufu.

Mama zangu, najua hakuna apikaye akiwa na mizani mkononi. Basi nawaletea hesabu isiyohitaji mizani. Siku mnapofungua mfuko wa chumvi, andikeni tarehe juu yake. Tuseme ni mfuko wa kilo moja, na nyumba ina watu wanane wanaokula. Watu wanane kwa gramu 5 ni gramu 40 kwa siku. Kilo moja ni gramu 1,000. Gawanyeni: mfuko huo unapasa kudumu siku 25, na wakiwamo watoto wadogo, zaidi ya hapo. Ukiisha kwa siku 10, maana yake nyumba imetumia gramu 100 kwa siku, na kila mtu amefikiwa na gramu 12 na nusu. Iliyomwagwa na maji ya kuchemshia mnaweza kuiondoa katika hesabu. Lakini iliyokuja na mkate na vya dukani haijahesabiwa bado. Fanyeni hivyo kwa mifuko miwili tu, na kila nyumba itaijua hali yake bila ya kuuliza mtu.

Tena kuna chumvi isiyotoka katika mfuko wetu. Imo katika mkate, katika vile vijidonge vya mchuzi vifungwavyo kwa karatasi, katika njugu za kukaanga, katika mishikaki ya jioni na ile chumvi ya pilipili inayowekwa kando yake. Mpishi akitia vijidonge viwili katika mboga kisha akatia na chumvi yake ya kila siku, ametia chumvi mara mbili. Samaki wa chumvi huloweshwa, maji yake yakamwagwa, akaoshwa tena, na mboga yake isitiwe chumvi nyingine. Na kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Anyunyizaye kabla ya kuonja ameshindwa na mazoea kabla ya kushindwa na njaa.

Sisi wanaume nasi tuna sehemu yetu. Mara nyingi mama wa nyumba angependa kupunguza, lakini bwana akionja tonge la kwanza husukuma sahani akasema, "Leo umepika maji?" Kwa ajili ya ulimi wa mtu mmoja nyumba nzima hula chumvi. Jueni kwamba ulimi hufundishika. Ukipunguza kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa utaona chakula kisicho na chumvi nyingi kina utamu wake, na kile cha zamani utakiona kikali. Tuna ndimu, tangawizi, kitunguu thomu, nyanya, pilipili, bizari, iliki na giligilani. Watu waliorithi viungo vya pwani hawana udhuru wa kusema kwamba ladha ni chumvi peke yake.

Wala sikusema chumvi iachwe kabisa. Mwili unaihitaji, na chumvi yenye madini ya joto ndiyo iliyotukinga na rovu la shingo na kuwakinga watoto walio tumboni wasizaliwe na akili pungufu. Nunueni hiyo yenye madini, lakini itieni kidogo.

Kisha kuna kinyume cha chumvi. Chumvi ya jikoni ina sodiamu. Matunda na mboga zina potasiamu, ambayo huyasaidia mafigo kuitoa sodiamu. Imo katika maharage, ndizi, viazi vitamu, parachichi, machungwa na mboga za majani kama lengalenga. Nguvu yake si ndogo. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo kutoka vijiji 600 vya China, ambako watu karibu 21,000 waliokwisha kupatwa na kiharusi, au wazee wenye presha, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Baada ya miaka mitano hivi, viharusi katika fungu hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 14. Ila mwenye maradhi ya mafigo asiitumie chumvi ya namna hiyo wala asizidishe vyakula hivyo bila ya kumwuliza daktari, kwa sababu potasiamu ikimzidi mgonjwa wa mafigo hudhuru moyo.

Sasa niseme juu ya mwezi wa Ramadhani, kwani hapo chumvi na maji hukutana kwa namna ya peke yake. Mfungaji mwenye afya hadhuriki kwa kukosa maji mchana. Lakini akila daku ya samaki wa chumvi na mabaki ya mchuzi mzito, atakuwa ameinunua kiu yake mwenyewe tangu alfajiri. Na wakati wa kufuturu, sambusa, kachori na supu ya vijidonge hufuatana juu ya meza moja. Daku na iwe ya chumvi kidogo, matunda na maji ya kutosha. Futari na ianze kwa tende na maji, kisha chakula cha wastani. Ama mwenye presha anayetumia vidonge, hasa vile vinavyotoa maji mwilini, amwone daktari kabla ya mwezi kuandama ili apangiwe saa za dawa na aambiwe kama anaweza kufunga. Akiambiwa na tabibu mwaminifu kwamba saumu itamdhuru, sheria yetu imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa. Asiikatae ruhusa ya Mola wake kwa kuona haya mbele ya jirani.

Na jambo lililo zito kuliko yote: kupunguza chumvi hakuchukui mahali pa dawa. Wapo wanaopimwa, wakapewa vidonge, namba ikashuka, nao wakasema "nimepona" wakaviacha. Namba ilishuka kwa sababu ya vidonge. Wengine huviacha kwa kuwa wamesikia dawa fulani ya majani. Chumvi kidogo huisaidia dawa ifanye kazi vizuri, na pengine daktari akaona inafaa kupunguza vidonge. Lakini uamuzi huo ni wa daktari mwenye kipimo mkononi. Na mwenye kuona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea ghafla, au maneno hayatoki, apelekwe hospitali saa ile ile. Asingojwe mpaka asubuhi, wala asisomewe nyumbani huku saa zinapita. Dua na ifuatane naye njiani.

Bwana Mwenyekiti, nimalizie kwa maombi matatu kwa Jumuiya yetu.

La kwanza ni juu ya shughuli zetu. Katika maulidi, harusi na futari za pamoja tunapika masufuria makubwa, na hapo mkono wa mpishi mmoja unakula na watu mia. Tuseme sufuria la pilau la watu 100 limetiwa nusu kilo ya chumvi. Hiyo ni gramu 5 kwa kila sahani: chumvi yake yote ya siku, kabla hajaonja kachumbari wala mchuzi. Naomba Kamati ikubaliane na wapishi wetu chumvi ipimwe kwa kikombe, na ipungue kidogo katika kila shughuli mpaka ifike nusu ya ilivyo sasa. Mwenye kutaka zaidi aombe. Mgeni hatatuona wachoyo; nyama na wali vipo.

La pili, tuwaombe vijana wetu waliosomea utabibu waje na kipimo mara moja kwa mwezi, baada ya swala ya Ijumaa, wampime kila mtu mzima, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao. Kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu. Lakini atakayeonekana namba yake iko juu aandikiwe, na asindikizwe hospitalini kama tunavyosindikizana katika mambo mengine.

La tatu, kila nyumba iandike tarehe juu ya mfuko wa chumvi kuanzia mfuko ufuatao. Mwaka ujao, tukijaliwa uhai, tukutane hapa tuulizane kila mmoja mfuko wake ulidumu siku ngapi.

Wazee wetu walituachia msikiti, madrasa na jina jema. Mengi waliyokuwa wakitaka kutufundisha hawakuwahi, kwa sababu ulimi ulipooza kabla ya maneno kwisha. Wajukuu wao wako madarasani sasa, na wanahitaji babu na bibi wenye kusema nao. Ikiwa kijiko kidogo jikoni chaweza kumwongezea mzee afya ya kusema nao, basi si jambo dogo, wala si aibu kwa sheikh kulisimamia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye walio wagonjwa, atupe sisi akili ya kuitunza miili hii aliyotuazima, na aibariki Jumuiya yetu.